Tairi Mbili na Upepo wa Saa Sita

Haupiti mwezi bila kijana kunisimamisha hapa Ukunda, simu mkononi, picha mbili za tairi mpya kwenye kioo, ananiuliza ipi ni kiboko. Nikimwambia zote mbili ni nzuri, ananitazama kama mtu aliyenyimwa kitu. Haya, leo nitajibu kwa kirefu. Vuteni viti mkae, kwa sababu swali hilohilo niliwahi kulijibu harakaharaka nikiwa Dubai, na nusura nimtie rafiki yangu kwenye ndege ya kurudi nyumbani bila kosa lolote.

Jina langu Hamisi. Nimefunga tairi miaka kumi na mitatu, karibu yote katika gereji moja ya Al Warqa, mtaa wa nyumba kubwakubwa ambako utakuta familia ina magari matatu na dereva mmoja anayekimbizana nayo yote. Nimerudi na magoti mabovu na mgongo usiotaka kuinama, lakini bado naweza kusikia pancha inayovuja kabla mwenye gari hajashuka. Sijisifu. Ah, kidogo tu.

Aliyenitia adabu katika kazi hii ni Ami Salum. Huyu alikuwa Mzanzibari, wa zile familia zilizohamia Ghuba zamani sana, na Kiswahili chake kilibaki kile cha Unguja, taratibu, kila neno limekaa mahali pake. Mtu mfupi, mpole, hajui kufoka. Lakini Mungu akuepushe na adhabu zake. Wiki yangu ya kwanza nilifunga tairi mbili za mbele kinyume. Nyinyi mnajua kwamba tairi nyingine zina mshale ubavuni unaoonyesha zizunguke kuelekea wapi. Mimi mshale niliuona, nikadhani ni pambo. Ami Salum aliniambia niweke spana chini, nitembee kinyumenyume kutoka kwenye jeki mpaka mlangoni, nirudi vilevile, mara tatu. Mafundi wote wakaacha kazi. Mpakistani wa mashine ya kubalansi alikuwa ananihesabia kwa sauti. Raundi ya pili nikaangukia ndoo ya sabuni. Tangu siku hiyo sijawahi kufunga tairi bila kuutafuta mshale, na mpaka leo nikiona ndoo ya sabuni naipita kwa mbali.

Alinifundisha pia kusoma umri. Kila tairi ina tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka ilipotengenezwa. Watu wanakagua meno tu, wakiyaona marefu wanafurahi, kumbe mpira wenyewe umekauka ukiwa dukani. Kwa joto la kule tairi inazeeka hata ikilala kwenye rafu. Mkienda kununua, inameni msome. Muuzaji akikunja uso, mwacheni akunje.

Mambo yalikuwa yanabadilika mbele ya macho yetu. Nilipofika, tairi ngumu bado tulizitoa kwa mtaimbo na jasho, wawili wawili, mmoja anakanyaga, mwingine anavuta. Baadaye ikaja mashine inayoikumbatia rimu na kuimaliza kazi wewe ukiwa umeshika kiuno. Mwishowe magari mapya yakaanza kuja na vidude ndani ya gurudumu vinavyomwambia dereva kwenye dashibodi kwamba upepo umepungua. Ami Salum alivitazama vidude hivyo kwa heshima, lakini hakuacha mazoea yake. Kabla ya kuweka kipimo cha upepo, alikuwa anaigusa kila tairi kwa mgongo wa mkono, zote nne, polepole, ndipo anapima. Sisi tulikuwa tunamtania kwamba anazipima homa. Aliwahi kunieleza sababu yake, nami nikaitikia ndiyo Ami, ndiyo Ami, akili yangu yote iko kwenye biriani ya mchana.

Sasa tairi zenyewe. Zilikuwa mbili, zote za daraja la juu, za kiangazi, bei zake za kushikia moyo. Wazungu wanabadilisha, tairi za joto na tairi za baridi. Dubai kiangazi ndicho mwaka mzima, kwa hiyo ubishi wetu ulibaki hapo hapo. Majina ya kiwandani yalitusumbua ndimi, tukazipa yetu. Moja tuliiita Hariri. Ubavu wake laini, inapita juu ya tuta na mtoto aliyelala nyuma hageuki hata shingo, na kelele haina. Lakini mabega yake yanaliwa mapema, hasa kwa dereva anayependa kukata kona. Nyingine ikawa Chuma. Ubavu mgumu, ukigusa usukani tu imeshaitika, na kwa barabara ndefu inakaa sana. Ila lami ikiwa mbaya inaguna, na kila kiungo cha daraja utakisikia kwenye makalio. Siku zile chache za mvua, mafuta yanapoelea barabarani na magari yanateleza ovyo, zote mbili zilishika breki vizuri. Kwa hiyo mkinibana leo, jibu ni hili: unayebeba watoto na mizunguko ya mtaani, chukua Hariri, unayekwenda mbali kila siku peke yako, chukua Chuma. Lakini hayo niliyajua baadaye. Mwanzoni nilikuwa na jibu jingine, na nililitoa kifua mbele.

Ilikuwa hivi. Kulikuwa na nyumba moja karibu na gereji, Sir na madam na watoto wao watatu. Sir alinunua magari mawili meupe yanayofanana kila kitu, siku moja. Moja aliliendesha mwenyewe kwenda kazini Jebel Ali. La pili lilikuwa la madam na watoto, na dereva wake alikuwa Mutua.

Mutua alikuwa Mkamba wa Kitui, jitu la miraba minne lenye sauti ndogo. Kabla ya Dubai aliendesha trela kutoka Mombasa mpaka Malaba miaka kumi na moja bila kukwaruza hata kioo cha pembeni. Alipofika kule alianzia ulinzi, mlango wa jengo moja refu pale Marina, akifungulia watu milango ya magari ambayo roho yake ilikuwa inamtuma aendeshe. Kwa hiyo alipopata kazi ya usukani kwa madam alifurahi mno. Mchana, akishawapeleka watoto shule na kabla ya kuwafuata, alikuwa anapita gerejini tunakunywa chai ya karak na kusimuliana habari za nyumbani. Alikuwa rafiki yangu hasa.

Sir alikuwa mtu wa kulinganisha vitu. Magari yote mawili yalipohitaji tairi mpya, alitaka moja lifungwe Hariri na jingine Chuma, halafu baada ya mwezi gereji imwambie ipi imeshinda. Itakayoshinda itafungwa kwenye magari yote ya nyumba yake na ya kaka zake. Arbab wetu, mwenye gereji, aliposikia hivyo macho yakamtoka. Akanikabidhi mimi kazi yote, eti Hamisi ndiye bingwa. Nilivimba kichwa, wallahi. Nilitembea siku nzima na kalamu sikioni, na sikuwa na cha kuandika.

Gari la madam nililipa Hariri, kwa ajili ya watoto wanaosinzia wakirudi. La Sir nikalifunga Chuma. La Sir lililetwa saa moja asubuhi kabla hajaenda kazini, nikapima upepo humo ndani kwenye ubaridi. La madam lililetwa na Mutua saa sita mchana, mwezi wa Juni. Ndani kulikuwa kumejaa, kwa hiyo nilipomaliza kufunga nikalitoa nje kwenye kivuli cha turubai, likakaa hapo karibu saa nzima mpaka nikapata nafasi ya kulipima. Turubai lenyewe nguzo yake moja ilikuwa imepindwa na upepo, kivuli kikawa kinafunika upande wa kulia tu. Nikapima. Tairi mbili za kushoto zilisoma karibu paundi nne zaidi ya zile za kulia. Nikasema kijana wa pampu aliyezijaza kazidisha, nikazipunguza mpaka zote nne zikawa sawasawa kabisa. Nikajipongeza kwa umakini wangu.

Haikupita wiki, Mutua akaja na malalamiko. Gari linavuta kushoto. Madam amesema anaendesha kwa mkono mmoja, au anachezea simu. Nikaliangalia. Alaimenti ikasema sawa. Nikalitoa nje, likakaa palepale chini ya turubai likisubiri zamu, nikapima upepo, zote nne sawasawa. Nikamwambia aende, hakuna kitu. Wiki iliyofuata akarudi tena, saa ileile, mahali palepale, na kipimo kikasema vilevile. Mutua akanieleza kwamba linasumbua zaidi asubuhi na mchana linatulia kidogo. Mimi nikacheka. Nikamwambia asubuhi bado ana usingizi, anywe chai kwanza ndio ashike usukani.

Wakati huohuo Sir alikuwa anapita kusema lake linakwenda kama limenyooshwa na rula. Nikaanza kutangaza gerejini kwamba Chuma imeshinda, Hariri ina mabega mepesi, haifai. Maneno yalinitoka tu. Kisha siku moja madam akapiga simu gerejini, akaniulizia mimi kwa jina. Aliniuliza swali moja kwa Kiingereza cha taratibu: tatizo ni gari, au ni dereva? Nilikuwa nimepima mara tatu. Ningesema nini?

"Gari halina tatizo, madam," nikamwambia.

Akashukuru, akakata simu. Mimi nikarudi kwenye kazi yangu bila wasiwasi wowote, nikipiga mluzi.

Jumanne yake Mutua alikuja bila gari, kwa miguu, katika lile jua. Akakaa kwenye tairi kuukuu, akaishika glasi ya chai kwa mikono miwili. Akanieleza kwamba madam amempa mpaka Alhamisi. Ofisi ya madereva imeshatafuta mtu mwingine, na viza yake itafutwa, arudishwe nyumbani. Nikaanza kumlaani madam, lakini yeye akatikisa kichwa.

"Hapana, Hamisi, usimlaumu," akasema. "Nawe umepima ukasema gari liko sawa. Basi ni mimi. Labda mikono yangu imeisha."

Nikataka kumtania, nikashindwa. Miaka kumi na moja ya trela, mteremko wa Mazeras na ukungu wa Timboroa, na mtu huyu alikuwa anaitazama mikono yake kana kwamba si yake. Alikuwa ameniamini mimi kuliko anavyojiamini mwenyewe. Nilimsindikiza mpaka barabarani, halafu nikaenda kwa Ami Salum nikamweleza kila kitu, mwanzo mpaka mwisho.

Ami Salum aliniuliza maswali matatu. Gari linavuta zaidi wakati gani? Nikasema asubuhi. Nyumbani linalala wapi? Nikasema ndani ya banda, kivulini. Na hapa, ukilipima, linasimama wapi? Nikanyoosha kidole nje. Akanishika mkono akanipeleka kwenye turubai. Kulikuwa na gari la mteja mwingine limesimama hapohapo, saa sitasita hivi. Akaniambia niguse tairi za kulia kwa mgongo wa mkono. Zilikuwa vuguvugu. Akaniambia niguse za kushoto. Mkono niliurudisha kabla haujatulia.

"Umepima jua, mwanangu," akasema. "Upepo hujaupima."

Hapo ndipo biriani yote niliyoila miaka ile ilinitokea puani. Upepo ukipata moto unatanuka, kipimo kinapanda. Siku ya kwanza tairi za kushoto zilisoma juu kwa sababu ya jua, mimi nikazipunguza. Usiku zikipoa, zinabaki chini kuliko za kulia, na gari linavutwa kushoto asubuhi nzima. Halafu likiletwa kwangu saa ileile, jua lilelile linazipandisha tena mpaka zinalingana, na mimi naapa liko sawa. Mara tatu nimelihukumu gari kuwa zima, na kila mara hukumu ilimwangukia Mutua. Hariri masikini nayo nimeitukana bure.

Ningeweza kujaza upepo kimyakimya, kisha nikatulia. Nakiri wazo lilinijia, na lilikaa kwa muda kuliko ninavyopenda kusema. Arbab alikuwa anasubiri magari ya ukoo mzima, na bingwa wake ndiye mimi. Nikasema nikikiri kwa madam, nitaondoka mimi badala ya Mutua. Ami Salum alinisoma usoni. Aliniambia tu kwamba mtu mwingine ameshapangiwa ile kazi, na neno lililomfukuza Mutua ni langu, kwa hiyo hakuna mwingine wa kulirudisha. Halafu akaenda zake kutia udhu. Niwatoe hofu mapema, arbab hakunifukuza. Alininunia wiki nzima na kalamu akaninyang'anya sikioni.

Jumatano, baada ya swala ya alfajiri, nilitembea mpaka nyumbani kwa madam na kipimo changu na pampu ndogo begani. Mutua alikuwa anafuta vioo. Aliponiona akashangaa, nikamwambia asiondoe gari bandani hata kidogo. Madam akatoka na watoto wakiwa na mabegi yao. Nikamsalimu, nikamwomba dakika tano, nikamwomba pia ashike kipimo yeye mwenyewe. Alisita, kisha akakubali. Kulia, thelathini na tatu. Kulia nyuma, vilevile. Kushoto, ishirini na tisa. Kushoto nyuma, ishirini na tisa na nusu.

Akainua uso akaniuliza mbona niliapa kwamba liko sawa. Nikamweleza habari ya turubai na jua, kwa Kiingereza changu cha gereji na Kiarabu cha kuungaunga, mikono ikisaidia palipokosekana maneno. Kisha nikasema lile lililonileta.

"Kosa ni langu, madam. Mutua hana kosa."

Aliniuliza kama najua kwamba kesho mtu huyu alikuwa aondoke. Nikasema najua. Akanitazama kwa namna ambayo sitaisahau, si kwa chuki, ila kama mtu anayejiuliza ni mambo mangapi mengine ameambiwa na mabingwa. Halafu akaniambia nijaze. Nikajaza palepale kwenye ubaridi, zote nne, yeye akisoma kipimo baada yangu. Na niwaambie, kutoka siku hiyo madam alinunua kipimo chake, na kila Jumamosi kabla jua halijachomoza alikuwa anatoka kupima mwenyewe. Sir alipewa mwezi mwingine wa kulinganisha, safari hii magari yote mawili yakipimwa saa moja ya asubuhi, na hapo ndipo lilipotoka lile jibu nililowapa mwanzoni. Kwa hiyo nyinyi mnaoshika kazi hii, pimeni tairi ikiwa baridi, na kabla ya kupima, guseni kwa mgongo wa mkono. Wakiwatania, waacheni wacheke.

Tulipomaliza kujaza, madam akaingia nyuma na watoto, akaniamuru nami nipande mbele. Tukatoka. Nyuma ya mtaa kulikuwa na barabara mpya iliyonyooka, lami safi, magari bado hayajaanza. Mutua aliendesha polepole, usukani ameubana kwa mikono yote miwili kama mtu wa siku ya mtihani. Tulipofika katikati madam akamwambia auachie usukani. Mutua akajifanya hakusikia. Madam akarudia, kwa upole zaidi.

Akainua vidole, kwanza kimojakimoja, kisha viganja vyote viwili, vikakaa hewani inchi mbili juu ya usukani. Yule mtoto mdogo nyuma akaanza kuhesabu kwa Kiarabu. Wahid, ithnain. Gari likaenda. Likaenda moja kwa moja katikati ya mstari wake, halikuegemea kushoto wala kulia, mpaka mtoto akafika kumi na kupiga makofi. Mutua akaushika tena usukani. Mashavu yalikuwa yamelowa na hakuyafuta.

"Kumbe mikono yangu mizima," akasema kwa Kiswahili, kwa sauti yake ile ndogo.

Nami nikageukia dirishani, maana macho yalikuwa yameanza kuniwasha. Madam akainama mbele akaniuliza amesema nini.

"Anasema dereva hana tatizo, madam," nikamjibu.